Mistari Miwili ya Muhogo

Masele na mkewe Paskazia walikuwa wakulima karibu na mji wa Shinyanga. Mwaka 1951 mtama wao ulikauka kwa jua. Tegemeo lao likabaki muhogo. Lakini majani ya muhogo yalijikunja na kuwa na mabaka ya njano. Walipochimba, walikuta mizizi myembamba kama vidole.

"Limi ametuloga," alisema Masele. "Muhogo wake unastawi, wetu unakufa. Kwa nini?"

Limi alikuwa jirani yao, mjane mzee. Maneno ya Masele yalienea. Watu wakaacha kumsalimu Limi. Wengine walitaka afukuzwe kijijini.

Paskazia hakuridhika. Bwana Shamba, jina lake Januari, alipokuja kukagua pamba, Paskazia alimweleza tuhuma dhidi ya Limi, akamwomba autazame muhogo.

Januari aligeuza jani. Wadudu weupe, wadogo sana, waliruka.

"Huu ni ugonjwa, mama," alisema. "Wadudu hawa huutoa kwenye mmea mgonjwa na kuupeleka kwenye mzima. Mbegu mlipata wapi?"

"Kila mwaka tunakata mashina humu humu."

"Basi ugonjwa umo ndani ya mashina. Mnaupanda wenyewe."

"Hayo ni maneno tu," alisema Masele, aliyekuwa akisikiliza kando.

"Usiniamini mimi. Nenda mbali na shamba hili, upande mstari mmoja wa mashina yako. Mstari wa pili uwe wa mashina ya Limi. Kisha tazama majani."

Siku ya tatu Masele alikwenda kwa Limi.

"Shikamoo, mayu," alisema, yaani mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Umekuja kunifukuza?"

"Nimekuja kuomba mbegu."

Limi akachukua panga. Walipofika shambani alimwonyesha mmea mmoja.

"Huu usikate. Jani lake limejikunja. Mimi hung'oa mimea ya namna hii. Mama yangu alinifundisha."

Baada ya wiki tano mistari yote miwili ilikuwa imechipua. Majani ya mstari wa kwanza yalijikunja. Ya mstari wa pili yalinyooka, kijani kitupu. Masele alisimama katikati, akatazama huku na huku.

"Nimemsingizia mzee wa watu," alimwambia mkewe.

Jumapili aliyasema hayo mbele ya kijiji kizima, Limi akiwapo.

Masele na Paskazia waling'oa muhogo wote mgonjwa, wakachoma mashina. Walipanda mbegu safi ya Limi katika shamba jipya. Kila wiki Paskazia alikagua. Mmea wenye jani lililojikunja aliung'oa papo hapo.

Walipovuna, mzizi mmoja ulibebwa kwa mikono miwili. Ghala lilijaa. Majirani wakaja kuomba mbegu.

Msimu wa kupanda ulipofika, kijiji kilimwita Limi. Alipita shamba kwa shamba, fimbo mkononi, wanaume wakimfuata na majembe.

"Huu ng'oa," alisema. "Huu acha."

Nao waling'oa.