Mtori wa Melkior

Jumamosi moja ya mwaka 2002, kwenye rundo la viatu vya mitumba soko la Memorial, Goodness aliinua buti la kushoto, la ngozi nzito, akageuka kutafuta la kulia. La kulia lilikuwa mkononi mwa kijana mrefu mwenye kofia nyekundu ya sufu na pua iliyobabuka kwa jua la mlimani.

"Dada, naomba hilo. Mimi naongoza wageni mlimani."

"Na mimi namnunulia baba. Anashinda kwenye matope ya migomba. Lete hilo!"

Hakuna aliyeachia. Mwisho wakachangia bei, kila mmoja akaondoka na buti lake moja, na kijana huyo, Melkior, akaondoka pia na namba ya simu ya Goodness.

Tangu hapo simu hazikukoma. Akiwa kambini, Melkior alipanda juu ya jiwe kutafuta mtandao.

"Mrembo, nimesimama kwa mguu mmoja. Nikisogea utakatika."

"Basi usisogee, mpenzi."

Goodness alikuwa fundi cherehani Shirimatunda, mtaa wa tambarare chini ya mlima, na kicheko kilimpotezea sindano nyingi. Kisha Melkior akasema Krismasi atatuma washenga. Goodness alikubali kwa furaha kabisa, lakini kesho yake moyo ukaanza kumwenda mbio. Akashona sketi ya mteja akaifunga juu na chini.

"Moyo mbio, pumzi fupi, chakula hakipiti?" Melkior alishauri kwa simu. "Huo ni ugonjwa wa mlima. Dawa yake ni kushuka."

"Nishukie wapi, Melkior? Niko Shirimatunda!"

Ndipo akaenda kwa Dada Theodora, mshauri mwenye chumba ghorofani karibu na stendi, aliyesikiliza wasichana kwa lugha mbili. Kwa Kiswahili Goodness alijibu vizuri kama yuko kwenye usaili: hana tatizo, ni uchovu tu. Theodora akahamia Kichagga cha Kirua, lugha ya nyumbani kwa kina Goodness, na Goodness akaangua kilio. Hofu yake ilikuwa haijawahi kwenda shule. Dada yake aliolewa akiwa fundi hodari, na sasa hashoni tena, cherehani yake inawekewa vyungu. Goodness aliogopa kuishia hivyo hivyo.

Bahati mbaya, Melkior alikuwa stendi akipokea wageni, akamwona anatoka kwenye mlango ulioandikwa USHAURI NASAHA. Miaka ile mji mzima uliamini kwamba mlango kama huo ni wa kupima ukimwi tu. Hakuuliza. Kesho yake alileta mtori, supu nzito ya ndizi na nyama wanayopewa wagonjwa na wazazi. Keshokutwa akaleta mayai thelathini na chupa ya asali.

"Kula, mpenzi. Siku hizi watu wanaishi miaka mingi."

"Watu gani?"

"Mimi nitakuoa hivyo hivyo."

Goodness aliweka kijiko chini. "Melkior! Umemwambia nani upuuzi huu?"

"Mama tu."

"Na mama?"

Melkior alivua kofia. "Jumuiya ya kanisani. Wamekusalia rozari."

"Toka! Na usinipigie tena!"

Wiki mbili simu ililala kimya. Goodness alilia kwa hasira, kisha kwa upweke, akarudi kwa Theodora kumshitaki mwanaume huyo kwa lugha zote mbili.

"Alipodhani unaumwa, alifanya nini?" Theodora aliuliza.

"Alileta mtori."

"Alikimbia?"

Goodness alitikisa kichwa. "Hata nyama hakupunguza," akasema, na machozi yakamtoka upya.

Aliporudi nyumbani alimkuta Melkior mlangoni, kakumbatia buti lake la kulia. Ndani yake amechomeka jani la isale, lile ambalo Mchagga akiletewa halikatai, hata awe amekasirika vipi.

"Nisamehe. Nilipaswa kukuuliza."

"Na mimi nilipaswa kukuambia. Naogopa kuolewa, Melkior. Naogopa cherehani yangu itawekewa vyungu."

"Basi cherehani itatangulia kuingia, wewe ufuate." Akashusha pumzi. "Mgeni anayekimbilia kileleni ndiye ninayemshusha mgongoni. Twende polepole. Washenga watangoja."

"Wangoje mpaka Pasaka."

Alipokea isale, akaingia ndani, akavuta buti la kushoto kutoka chini ya kitanda.

"Vaa."

"Na mzee je?"

"Ataletewa mengine na washenga. Anavaa namba tisa," Goodness alisema, akimfuta vumbi puani. "Na waje na yote mawili."