Folda ya Mahliyo

"Mahliyo ni nani?"

Doniyor akaweka bakuli la chai mezani. "Mahliyo yupi?"

"Usinijibu swali kwa swali."

Gulsanam akamgeuzia kompyuta. Wote wawili walikuwa wakitunza picha za vitambaa kwenye kiwanda kidogo cha hariri mjini Marg'ilon. Bosi alitaka mafaili yahamishwe, basi Gulsanam akaandika programu fupi ya Python isome kila folda na kutaja kilichomo. Jina la folda likianza na nukta, ukichungulia kwa macho huioni. Programu huiona. Kwenye mafaili ya Doniyor ikatoa ".mahliyo".

Jumapili wazee wa Doniyor walikuwa waje kwa kina Gulsanam kumega mkate wa uchumba. Ukishamegwa, binti ana mwenyewe. Gulsanam akamwambia wazi kwamba mkate huo haumegwi, akaule kwa Mahliyo.

Doniyor akacheka. Mwanamume anayecheka wakati kama huo ama mjinga, ama hana kosa.

"Programu yako imesoma jina la juu tu. Iambie iingie ndani."

"Nikaone picha za mwanamke wako?"

"Ingia, Gulsanam. Halafu uniache ukitaka."

Akaongeza mistari miwili, programu ikikuta folda ndani ya folda iingie na humo isome. Akabonyeza kwa hasira. Majina yakashuka: nyuzi kabla ya rangi, nyuzi baada ya rangi, kitambaa mtamboni, vipimo vya Gulsanam.

Akafungua picha moja. Bibi kizee asiye na meno ya mbele alikuwa ameshika hariri nyekundu, anacheka.

"Huyu?"

"Huyo. Anafuma kitambaa cha nguo yako ya harusi. Nilitaka kukushtukiza. Kila picha inayoingia hapa unaiona wewe, ningezificha wapi pengine?"

"Na vipimo vyangu?"

"Muulize mama yako."

Akamwandikia mama yake: "Mama, ulijua?"

Jibu likaja: "Nilijua. Usiniambie umeshamtukana mtoto wa watu, mkate nimeshaagiza."

Gulsanam akafunika uso kwa viganja. Doniyor akamsukumia chai yake, naye akainywa yote bila kumtazama.

Jumapili mkate ukamegwa. Bibi Mahliyo alialikwa, akakalishwa mbele kabisa. Habari zilikuwa zimemfikia, mji wetu hauna siri. Akamwita bibi harusi mtarajiwa karibu.

"Nasikia mkate huu ulitaka niletewe mimi," akasema. "Haya, nipe. Lakini chagua palipo laini, mwanangu. Meno yangu umeyaona mwenyewe."