Gorogoro Iliyobonyea

Kabla ya alfajiri, bomba lililopita ndani ya ukuta wa jikoni liligonga mara mbili, kama mtu anayekohoa kwa adabu, likanyamaza. Nekoye, aliyekuwa akipuliza jiko la makaa, aliinua kichwa. Bomba hilo lilileta maji nyumbani kwake na kwenye banda la plastiki la majaribio ya ngano lililokuwa nyuma, basi. Akadhani ni Makhanu, mlinzi wa usiku, ananawa uso.

Punde mlango ukabishwa. Alikuwa Fancy, mtafiti kijana, na jagi la maziwa.

"Kukhu, yachemshe mapema, leo kutakuwa na joto."

Alikuwa amejifunza neno hilo la Kibukusu, la kumwita bibi, ili tu amfurahishe. Maziwa aliyaleta kila asubuhi, isipokuwa Jumapili iliyopita alipokwenda kwao Keringet. Siku hiyo Nekoye alikunywa turungi, chai isiyo na maziwa, peke yake, jiko kimya, hata ukuta haukumsemesha.

Nekoye alikuwa sajini wa upelelezi kabla ya kustaafu. Sasa aliishi na mwanawe, dereva wa trekta katika kituo cha utafiti wa ngano karibu na Rongai. Ilikuwa Oktoba 2007. Mabango ya uchaguzi yalijaa njiani, na hata majirani wa makabila tofauti waliozoea kuombana chumvi walikuwa wameanza kutazamana kwa pembe ya jicho.

Saa moja Akoth, mtafiti mwenzake Fancy, aliingia bila kubisha, mkononi kopo lenye miche ya ngano.

"Mama, hebu weka kidole huku chini."

Udongo wa juu ulikuwa mkavu kama unga. Wa chini ulikuwa tope. Ngano hiyo ilikuwa imenyimwa maji makusudi, ipimwe ikiwa na kiu.

Akoth alieleza pole pole. Mtafiti akitaka kujua jeni fulani inafanya kazi kiasi gani ngano ikishikwa na kiu, huilinganisha na jeni nyingine isiyobadilika. Ni kama kupima mahindi sokoni: gorogoro, lile kopo la kupimia, ikibonyezwa kitako, mahindi machache huonekana mengi. Kituoni wote walirithi gorogoro moja, jeni waliyoichagua waliowatangulia, na hakuna aliyewahi kuijaribu. Yeye aliijaribu, akaona inapungua wakati wa kiu, akapata nyingine mbili zisizotikisika. Daktari Harpreet, mkuu wa kituo, akamwambia arudie. Aliporudia, gorogoro ya zamani ikatulia tuli. Sasa ilisemekana zile namba za kwanza alizipika, na jioni hiyo angeambiwa afungashe.

"Ngano yangu ikinyweshwa, hakuna kiu," alisema Akoth. "Na pasipo kiu, gorogoro mbovu inaonekana nzima."

"Nani ana ufunguo wa banda?"

"Mimi, Fancy na Mzee Makhanu."

Habari ya tope ilikuwa imeshaenea, na kituo kizima kilikuwa kimemnyooshea kidole Makhanu, kwa kuwa ndiye aliyewawekea maji hata mbwa wa barabarani. Nekoye alimkuta langoni akivua koti. Alikana, kisha akainamisha kichwa.

"Mama, kutamani nilitamani. Zile ngano zikilegea, ni kama zinanilaani mimi. Lakini niliambiwa nisiguse, sikugusa." Aliongeza kwamba kukikaribia kucha yeye huzunguka upande wa ghala, na huko banda halionekani.

Nekoye aliingia bandani kwa ufunguo wa Akoth. Safu mbili zilikuwa zimenyimwa maji, moja ya Akoth, nyingine ya Fancy. Alichimbua kila kopo kwa kidole. Ya Akoth yote yalikuwa na tope chini. Ya Fancy yalikuwa makavu hadi kitako, majani yamejikunja. Vumbi la Rongai lilikuwa juu ya majani ya safu zote mbili, halijaguswa na tone. Maji yalimiminwa kwenye visahani vya chini. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitamani awe amekosea.

Saa kumi wote walikusanyika pale pale.

"Makhanu amekiri alizionea huruma," alisema Daktari Harpreet. "Tumalizie hapo."

"Ndiyo sababu si yeye, Madam. Mwenye huruma hapiti kwa wenye kiu wawili akamnywesha mmoja. Na angenyunyiza juu, kama sukuma wiki yake. Huyu alificha maji chini, na alitaka safu ya Akoth tu."

Nekoye akamgeukia Fancy.

"Fancy, bomba la jikoni kwangu hugonga mfereji wa hapa ukifunguliwa. Hugonga, halafu wewe unaleta maziwa. Jumapili ulikuwa Keringet. Makhanu alikuwa zamuni, na bomba halikugonga."

Fancy alitazama safu yake iliyonyauka.

"Nilipima kwa gorogoro tuliyopewa wote," alisema. "Sikudanganya mtu. Jeni yangu ilipanda, mkanisifu, nikapata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Kanisani kwetu walishaniombea safari. Akoth alipoonyesha gorogoro imebonyea, nikajua ugunduzi wangu ni hewa."

"Ungeniambia," alisema Akoth. "Tungepima upya pamoja."

Daktari Harpreet alimwomba Akoth radhi mbele ya wote, kisha akampa Makhanu mkono. Fancy aliambiwa arudishe ufunguo na aondoke kesho yake.

Asubuhi bomba halikugonga. Nekoye aliosha jagi, akalipeleka chumbani kwa Fancy, akamkuta akikunja shuka.

"Niambie ukweli. Maziwa yalikuwa ya kuniziba masikio?"

"Hapana, Kukhu. Nilianza kuleta ulipoumwa mguu."

Nekoye akakumbuka. Mvua za masika, naye hawezi kusimama, na msichana huyu anamchemshia. Hilo lilikuwepo kabla ya haya yote. Akaketi kitandani, akashika ncha ya pili ya shuka, wakakunja pamoja.

Walipomaliza, Fancy alimrudishia jagi.

"Kaa nalo," alisema, bila kumtazama. "Utakuja kuniona tena, Kukhu? Hata kule Keringet, na siasa hizi?"