Kuku wa Mahege

Kila siku baada ya vipindi Muzdalifa alifagia darasa upesi upesi, akalitupa fagio pembeni, kisha akakimbilia chumba cha kompyuta. Alikuwa kidato cha kwanza katika shule moja ya Ikwiriri. Kompyuta zilikuwa chache na wanafunzi wengi, kwa hiyo aliyechelewa alikaa nyuma akitazama visogo vya wenzake. Muzdalifa hakupenda kutazama visogo.

Msimu huo kikundi chao cha kompyuta kilikuwa na kazi ya maana. Bi Zuhra, afisa mifugo, alitaka kuchanja kuku dhidi ya mdondo, ule ugonjwa unaofagia banda zima kabla mwenyewe hajajua amwite nani. Chanjo ikishafunguliwa haikai, hivyo ilimpasa ajue mapema kila kijiji kina kuku wangapi. Mwalimu Hemedy, msimamizi wa kikundi, akasema vijana wake watamtengenezea tovuti. Wafugaji wangejiandikisha kwa simu, na afisa akiandika jina la kijiji angepata jumla.

Shida ilianzia kwenye hilo jina. Watu wa huku ukimuuliza mtu anakaa wapi, hakutajii kijiji. Anakutajia kitongoji, tena kwa fahari. Kwa hiyo ndani ya programu hapakuwa na Mahege tupu. Palikuwa na mahege-shuleni, mahege-sokoni na mahege-mtoni, kila jina na hesabu ya kuku wake. Majina ya namna hiyo, ambayo programu huyatumia kufikia kilichohifadhiwa, mafundi wake huyaita funguo. Bi Zuhra alipoandika “mahege”, programu ilitafuta ufunguo ulioandikwa hivyo hivyo, ikaukosa, ikajibu kwamba kijiji hicho hakina hata kuku mmoja. Fikirini, aliyetumia kompyuta moja na Muzdalifa, alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye kwao ni Mahege, na kila asubuhi anaamshwa na majogoo.

Kazi ya kurekebisha akapewa Muzdalifa, maana msichana yule alikuwa anaijua kazi. Aliiagiza programu ipitie funguo zote, mmoja baada ya mwingine. Isitafute tena ufunguo unaofanana na neno zima. Ichukue wowote wenye neno hilo ndani yake, na ijumlishe kuku. Akajaribu kwa kijiji cha Dimani, jibu likatoka sawasawa. Alifurahi kweli kweli.

Mwalimu Hemedy akaja akamuuliza kama amejaribu na vijiji vingine, hasa Mahege yenye vitongoji vingi. Muzdalifa hakuwa amejaribu. Lakini mwalimu alikuwa ameshatabasamu, na alikuwa ameshaahidi kwamba atakayeikamilisha ndiye atakayekwenda Kibiti kuionyesha mbele ya wageni.

“Nimejaribu, mwalimu,” alisema. “Vyote viko sawa.”

Maneno yenyewe machache, yakamtoka kirahisi kama salamu. Mwalimu akaridhika. Bi Zuhra akafungua tovuti hapo hapo, akanakili hesabu za vijiji, akaaga akaenda zake.

Jumamosi Muzdalifa alikwenda Mahege, kitongoji cha Mtoni, kumsalimia Bibi Semeni, mama wa baba yake. Mwaka uliotangulia mdondo ulikuwa umemmalizia bibi huyo kuku wote. Alianza upya na tetea wa kupewa, na sasa kuku walikuwa wamejaa uani tena. Hao ndio waliomnunulia sabuni na mafuta ya taa, na sare ya mjukuu ilitoka kwao pia.

“Siku hizi hata mimi nina kuku kwenye kompyuta, mke mwenzangu,” bibi alimtania. Akaeleza kwamba Mtoni nzima wamejiandikisha, na kwamba kuku wa Mtoni peke yao wamepita mia nne.

Muzdalifa aliacha kutafuna. Aliiona hesabu ya Mahege nzima pale Bi Zuhra alipokuwa akinakili, na ilikuwa haifiki hata mia mbili. Bibi akadhani ni wali haukuiva.

Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye chumba cha kompyuta, na kosa hakulitafuta sana. Ile amri ya kutoa jibu alikuwa ameiweka katikati ya kazi badala ya mwisho wake. Programu ilipokuta ufunguo wa kwanza wenye neno “mahege”, ule wa Shuleni, ilitoa hesabu ya hapo ikaacha kutafuta. Sokoni na Mtoni haikufika. Dimani ilijibu vizuri kwa sababu ilikuwa na ufunguo mmoja tu. Akaishusha amri mpaka mwisho, akajaribu kijiji kimoja kimoja, vyote vikakubali.

Moyo ukatulia. Tovuti ina jambo hilo: ukishaitengeneza, anayeifungua leo hajui jana ilikuwaje. Angeweza kunyamaza, na Kibiti angekwenda. Akachukua daftari zake akatoka. Alikuwa mlangoni alipokumbuka kwamba Bi Zuhra hakuondoka na tovuti. Aliondoka na zile hesabu za zamani, na leo ndiyo siku ya kuchukua chanjo.

Aliona aibu, aibu hasa, ya kutaka ardhi immeze. Hata hivyo akaenda ofisi ya walimu.

“Mwalimu, nilikudanganya,” alisema. “Mahege sikujaribu. Hesabu aliyochukua Bi Zuhra ni ya Shuleni peke yake. Sokoni na Mtoni watakosa chanjo.”

Mwalimu Hemedy alichukua simu kwanza. Bi Zuhra alikuwa Kibiti, chanjo zimeshapakiwa, na maneno aliyoyasema yalisikika mpaka dirishani, wala hayakuwa ya kumsifu mtu. Lakini alirudi ndani kuomba chupa zaidi, akapewa.

“Kukosea programu si neno,” mwalimu alisema alipokata simu. “Mimi mwenyewe nakosea kila siku. Ndiyo maana nilikuuliza kama umejaribu. Swali lile lingelikamata kosa lako, wewe ukalizima.”

Kibiti akapelekwa Fikirini. Muzdalifa alilia kidogo nyuma ya darasa, kisha akanawa uso.

Jumamosi iliyofuata Bi Zuhra alifika Mtoni, akimdondoshea kila kuku tone moja jichoni. Muzdalifa alikuwa akimshikia kuku. Bibi Semeni akauliza mbona wamesikia kwamba chanjo nusura iwe ya Shuleni tu. Bi Zuhra alimtupia Muzdalifa jicho, akaendelea na kazi. Bibi akajijibu mwenyewe kwamba kompyuta hizi nazo zina makosa yake.

“Kompyuta haikukosea, bibi,” Muzdalifa alisema. “Nilikosea mimi. Halafu nikasema nimejaribu, na sikujaribu.”

Bibi Semeni hakutania safari hii.

“Ukiulizwa jambo hujalifanya, mjukuu wangu, sema bado. Aibu yake ni ya siku moja,” alisema. “Mwaka jana kuku wangu niliwazika shimo moja. Ungenyamaza, ningechimba jingine, nikasema ni kudura ya Mungu. Wala nisingejua kamwe kwamba ni wewe.”

Akainama, akamkamata tetea mwingine, akamkabidhi Muzdalifa amshike.