Tangazo la Nyumba za Marhoun

Kila asubuhi, baada ya chai, Marhoun alikwenda kufungua madirisha ya nyumba zake mbili mpya, pembezoni mwa mji wa Ibra. Alizijenga mwaka 2006, kwa ufundi aliojifunza kwa baba yake huko Tabora alikokulia. Kuta zilinyooka. Vigae vilikaa sawa. Lakini miezi minane ilipita, na nyumba zikabaki tupu.

Tangazo lilikuwepo kwenye mtandao. Watu walipiga simu, wakauliza vyumba, wakauliza bei, kisha kimya. Wengine walifika, wakatazama dakika tano, wakaondoka.

Siku moja akaja dalali. "Niuzie zote mbili kwa nusu ya bei," alisema. "Nyumba za huku hazitakiwi. Alhamisi nitakuja kuchukua jawabu."

Maneno yale yalimchoma Marhoun. Mkewe, Ghaniya, akamwambia, "Usimkubalie bado. Mwite Fakhriya kwanza."

Fakhriya alikuwa jirani yao, mwalimu wa kompyuta katika skuli ya wasichana. Alifika baada ya alasiri, mkononi ana karatasi.

"Shikamoo, ami Marhoun."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, tangazo langu lina ila gani?"

Fakhriya alikuwa amelichapa. Akalisoma: "Nyumba mpya, Ibra. Nzuri sana. Bei maelewano." Chini palikuwa na picha moja. Rundo la mchanga na toroli vilikuwa vimeziba mlango.

"Ami, mtu wa mji wa mbali, tuseme Sur, akisoma hapa, atajua nini?"

"Atajua kuwa ni nzuri."

"Kila mwenye nyumba anasema yake ni nzuri. Kesho asubuhi twende huko. Nataka kujua yako ina nini."

Asubuhi walikwenda wote watatu. Ghaniya alifagia. Marhoun aliondoa mchanga. Fakhriya alipima kila chumba kwa futi kamba, akaandika. Akangoja mpaka jua likaingia majlisi, chumba cha kupokelea wageni, ndipo akapiga picha. Akapiga na za jiko, vyoo, tangi la maji, na nyumba nzima kutoka barabarani.

"Mbona humu ndani si joto?" aliuliza.

"Kuta ni mbili mbili," Marhoun alijibu. "Katikati nimeacha nafasi, joto lisipite upesi. Baba yangu ndiye aliyenifundisha."

Fakhriya akaacha kuandika. Akaugusa ukuta kwa kiganja. "Mashallah! Mbona hukulisema hili?"

"Nilidhani wataliona."

"Ndani ya ukuta nani anaona, ami? Lazima uwaambie."

Kisha Fakhriya akaandika umbali wa msikiti, hospitali na soko. Mwisho akaandika: "Mita mia mbili za mwisho za barabara hazina lami."

Marhoun akaruka. "Hilo lifute! Watu watakimbia."

"Atakayekimbia akisoma, angekimbia pia akifika. Hapo keshapoteza petroli yake, na wewe umepoteza siku yako. Tuandike kweli. Na bei pia, tuiandike waziwazi."

Marhoun akaitazama barabara. "Haya. Andika."

Tangazo jipya likawekwa, kwa Kiarabu na Kiingereza, na picha kumi na moja. "Ukipigiwa simu ukawa kazini," Fakhriya alimwambia, "warudie siku ileile."

Alhamisi dalali akaja. Bado hakuna aliyepiga simu. Hata hivyo Marhoun akasema, "Siuzi kwa bei hiyo, yakhe." Dalali akacheka, akaenda zake.

Siku tisa baadaye walikuja mume na mke kutoka Sur, Amur na Taghreed. Taghreed alikuwa muuguzi, amehamishiwa kazi Ibra. Alikuja na tangazo mkononi, akaingia chumba kimoja baada ya kimoja, akilinganisha. Marhoun alimfuata nyuma.

"Kila kitu ni kama mlivyoandika," Taghreed alisema mwishowe. "Nyumba nyingine niliyoiona, barabara yake mbovu kuliko hii, na hawakutuambia. Nyie mmetwambia." Akamgeukia mumewe. "Mimi nataka hii."

Waliinunua. Ya pili ilinunuliwa mwezi uliofuata, kwa tangazo aliloliandika Marhoun mwenyewe.

Mwaka wa pili alianza kujenga nyumba ya tatu. Sasa alikuwa na daftari. Kila swali la wanunuzi aliliandika humo. Jiko lilipokwisha, alimwita Fakhriya. Lilikuwa na madirisha mawili yaliyotazamana, na mlango wa pembeni wa kutokea uani.

"Watu saba waliniuliza kama jikoni kunapita upepo," Marhoun alisema. "Nikaona nisingoje mpaka wa nane."

Fakhriya alisimama katikati. Upepo ulikuwa ukipeperusha ncha ya mtandio wake. Alitazama huku na huku.

"Ami," alisema, "wallahi, mimi niliandika tangazo tu. Wewe umejenga jawabu."