Picha Zisizo na Mama Mdogo

Kila alasiri, Emna alipotoka shule, alikula mkate kwa mafuta ya zeituni kisha akapiga fidla. Wiki hiyo hakuigusa. Bi Sihem, mchoraji kutoka Tunis, alikuwa amekuja Sfax kutengeneza kitabu cha picha kuhusu utoto wa Emna, maana binti huyu wa miaka kumi na mitatu alishapiga redioni na mji mzima ulimjua.

"Nani alikufundisha?" aliuliza Bi Sihem.

"Hakuna. Niliishika tu, ikaimba."

"Ukiwa na miaka mingapi? Juzi ulisema sita, jana mitano!"

"Mitatu."

"Kesho utaniambia ulizaliwa nayo mkononi! Mwanangu, nimechoka kufuta." Hata hivyo alichora.

Mama mdogo Wassila akaingia na kahawa. Yeye ndiye aliyemfundisha Emna, na bado aliwafundisha watoto wa mtaani. Alizitazama picha zote.

"Mimi niko wapi?"

Emna akainama. Wassila alitua sinia kwa kishindo, akatoka.

Rim, mwanafunzi wake mdogo aliyeingia naye, alibaki ameikodolea macho picha ya Emna wa miaka mitatu akipiga fidla peke yake. "Kumbe wenye kipaji hawafundishwi," alisema, akailaza fidla yake mezani. "Mimi bado nakwaruza tu. Basi naacha."

Emna alishtuka. "Rim, ngoja! Nimedanganya. Nilikwaruza mpaka jirani akaturushia kiatu dirishani! Nilikuwa najificha chini ya kitanda, Mama mdogo ananivuta miguu."

"Ya Rabi!" Bi Sihem alishika kichwa. "Na kurasa zangu zote hizi?" Akaanza kuzichana, huku akinung'unika. Rim alicheka, akaichukua tena fidla yake.

Emna alimfuata Wassila jikoni. "Nisamehe, Mama mdogo. Niliona haya kusema nilikuwa sijui kitu."

"Hujui kitu? Ulikuwa balaa! Masikio yangu yaliteseka miaka." Wassila alikuwa bado amenuna, lakini alimvuta karibu. "Sikiliza. Kunifuta mimi ni utovu wa shukrani, nami imeniuma. Lakini kibaya zaidi, ukificha jasho lako, mtoto anayekufuata ataona jasho lake ni aibu, ataacha njiani. Sema kweli, hata watu wakikucheka."

"Nimeelewa."

"Haya, nenda ukamsaidie yule mchoraji maskini kuanza upya. Na mwambie anichore nikiwa mwembamba."

"Mama mdogo! Si umeniambia niseme kweli tupu?"