Ufunguo wa Mashine ya Leza

Mgonjwa alikuwapo, mashine ilikuwapo, daktari alikuwa ameshanawa mpaka viwikoni. Kilichokosekana ni ufunguo.

Inspekta alisimama katikati ya chumba cha upasuaji, kavalishwa joho la kijani, kofia ya karatasi na barakoa, akaikodolea macho ile mashine. Kabati jeupe la magurudumu, kioo mbele, na chini ya kioo tundu la ufunguo kama la gari. Tupu.

"Bila ufunguo haiwaki?"

"Haiwaki," alisema daktari bingwa wa njia ya mkojo. "Leza si taa ya mezani, afande. Ikiwashwa ovyo inapofua watu. Ndiyo maana wakaiwekea ufunguo."

"Wa akiba?"

"Anao fundi wa kampuni, na yuko mji mwingine. Akifika jioni tumshukuru Mungu."

"Basi jioni si mbali."

Daktari alimwita pembeni, mbali na masikio ya manesi. Mikono yake iliyonawa aliinua juu, isiguse kitu.

"Ni mbali sana. Yule mama ana figo moja tu. Moja! Na jiwe limeziba njia yake kama kizibo cha chupa. Tangu jana hajatoa hata tone la mkojo. Sumu inapanda kwenye damu."

"Hakuna njia nyingine?"

"Tumejaribu kupitisha mrija, jiwe likakataa. Kumtoboa mgongoni siwezi, anakunywa dawa za moyo za kuzuia damu kuganda. Nikimtoboa atavuja mpaka aishe. Leza haitaki kisu. Napitisha kamera nyembamba kwenye njia yake ya mkojo, nasogeza uzi wa leza mpaka kwenye jiwe, jiwe linakuwa vumbi, vumbi linatoka na maji. Kazi ndogo, afande, nikipata ufunguo."

Inspekta aliitazama saa ya ukutani. Kituoni wenzake walimwita Mama Subira. Ustadi wake ulikuwa kumkalisha mshukiwa na kunyamaza, kunyamaza, mpaka mshukiwa mwenyewe aombe kusema. Mvuta subira hula mbivu, sawa. Lakini huyu mgonjwa hakuwa na muda wa kungoja chochote kiive.

Alianza na sista mkuu wa chumba, mwanamke mnene mwenye macho mekundu kwa kulia.

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Kwenye kile kikabati cha ukutani. Asubuhi niliuona kwa macho yangu haya."

"Kinafungwa?"

"Kinafungwa kwa komeo tu. Nani aibe ufunguo wa mashine, afande? Auuze wapi? Autie kwenye mboga?"

"Nani aliingia?"

"Sisi wenyewe. Na mwanafunzi mmoja wa udaktari, nilimwona kwa nyuma tu. Joho, kofia, barakoa kama sote."

"Umejuaje alikuwa na barakoa, ikiwa ulimwona kwa nyuma?"

"Si mpira wake ulionekana, umezunguka masikio."

Inspekta alipeleka mkono kisogoni. Barakoa aliyopewa ilifungwa kwa kamba, fundo moja utosini, jingine shingoni. Akamtazama sista, akamtazama daktari, akawatazama manesi mmoja mmoja. Wote kamba.

"Za mpira mnazo humu?"

Sista alitikisa kichwa. "Hatuna."

"Basi huyo hakuwa wenu."

Hata hivyo kila mtu pale alikuwa na jibu lake tayari, na jibu lilikuwa Mzee Wembe. Huyu alikuwa daktari mkongwe wa kupasua, na tangu mashine ije hakuacha kuisimanga. Inspekta alimkuta chumba cha pili, kakaa wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Mzee, wanasema mashine hii umeichukia."

"Naichukia kweli. Inawafanya vijana wasijue kushika kisu."

"Ufunguo umeuchukua wewe?"

Mzee Wembe alicheka, lakini kwa uchungu. "Unajua figo ya pili ya yule mama iko wapi? Niliitoa mimi, kwa mikono hii. Alimpa mdogo wake wa kiume, aliyekuwa kitandani anaoza. Leo nimwache afe na hii aliyobakiwa nayo? Tafuta jingine la kunisingizia, binti yangu."

Inspekta alikuwa ameshasimama. Mtu mwenye figo ya kupewa hatoki bila barakoa yake! Alimrudia daktari mbio, joho likimvuta miguuni.

"Mdogo wa mgonjwa unamjua?"

"Yuko nje na shemeji yake. Jana niliwaleta humu wote wawili, maana walikuwa na hofu. Nikawaonyesha kila kitu. Mashine, uzi, hata..." Daktari aligeuka kukitazama kikabati cha ukutani. "Hata ufunguo. Niliwaambia, bila huu hakuna kitu. Nilitaka kuwatoa wasiwasi!"

Kikulacho ki nguoni mwako, Inspekta alijisemea, akasukuma mlango.

Kwenye ukumbi wa kungojea, mume wa mgonjwa alikuwa anazunguka kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni. Alimrukia Inspekta. "Umepatikana? Afande, umepatikana?" Lakini yule mdogo mtu, mwembamba, kakaa kwenye kona ya benchi, hakuuliza neno. Alikuwa amevaa barakoa. Ya mpira.

Inspekta aliketi ubavuni mwake.

"Pole na mgonjwa, mdogo wangu. Mbona barakoa?"

"Dawa ninazokunywa zinashusha kinga. Mafua tu yanaweza kunilaza."

"Dawa za nini?"

"Za kulinda figo."

"Figo ya nani?"

Aliinamisha kichwa. "Ya dada."

Siku nyingine Mama Subira angenyamaza hapo, na kimya kingefanya kazi yake. Leo hakuweza.

"Ufunguo uko wapi?"

"Ufunguo gani?"

"Usinichezee! Dada yako anakufa!"

Kijana aliinua uso. Juu ya barakoa macho yalikuwa yametoka. "Nani anakufa? Dada ana kijiwe tu. Kaniambia mwenyewe, kijiwe kidogo, kinaweza kungoja hata mwezi." Akamgeukia mume wa dada yake. "Shemeji, si mlisema kijiwe?"

Mume alitazama ukuta.

"Shemeji!"

"Alituapisha," mume alisema. "Wote. Alisema tusikwambie, ukishtuka utaugua tena. Hajakojoa tangu jana."

Kijana alitoa sauti ndogo, si kilio wala neno. Akainama, akavua kiatu cha kulia, akaukung'uta ufunguo kiganjani. Inspekta aliunyakua, akakimbia nao mwenyewe.

Taa nyekundu juu ya mlango ilipowaka, alirudi benchi. Alimfunga kijana pingu, akaketi. 

"Sema sasa."

"Daktari alisema mwanga ule unavunja jiwe gumu. Nikawaza, kama jiwe linavunjika, nyama je? Anayo hiyo moja, nyingine iko kwangu. Ikiungua, nitamtazama vipi? Jirani yetu alikunywa dawa, jiwe likashuka lenyewe. Nikasema, wakikosa ufunguo watampa dawa. Majoho yalikuwa kwenye toroli pale mlangoni. Nikavaa, nikaingia. Hakuna aliyeniuliza."

"Wewe ungeuliza."

"Nimuulize nani? Mimi nyumbani nikiuliza kitu naambiwa nikapumzike."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Inspekta alisema kwa hasira, na hakujua hasa anamkasirikia nani kati yao. Waliitazama ile taa. Mume alikuwa ameacha kuzunguka, kapiga magoti. Kila viatu vilipopita korido, wote watatu walishtuka.

Taa ilizimika. Daktari alitoka barakoa ikining'inia shingoni.

"Unatoka! Mkojo unatoka!"

Inspekta hakuwahi kudhani angekumbatiana na mtu kwa habari ya mkojo. Siku hiyo alikumbatiana na daktari, na mume, na sista mkuu.

Mgonjwa alipoweza kusema, Inspekta aliingia kuchukua maelezo yake. Uso wa mama yule ulikuwa wa kijivu, midomo imekauka, lakini alikuwa ameshaambiwa nani aliuchukua ufunguo.

"Nilimtuma mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Niliogopa upasuaji. Andika hivyo, afande."

"Dada, huo ni uongo wa pili. Wa kwanza umekaribia kukuzika."

Mgonjwa alifumba macho, machozi yakamtiririka kuelekea masikioni. "Basi mlete."

Kijana alisimama mlangoni, pingu mikononi. Dada yake aliziona, akamwangalia usoni.

"Nilikuwa nakufa, mdogo wangu. Nikakuficha."

"Nilikuwa nakuua, dada. Nikadhani nakulinda."

"Sogea. Leo uliza unachotaka, nitakujibu."

Alisogea mpaka ukingoni mwa kitanda. Akamgusa ubavuni.

"Inauma?"

"Inauma sana," alisema dada yake.